Bia nzuri Marekani ipo, ila Mwingereza aache kuulizia ya kwao

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu aliyetuandikia kwenye ukurasa huu kwamba Mwingereza anayehamia Marekani afungashe bia yake kabisa, maana huko atakunywa maji yenye mapovu mpaka siku ya kurudi. Wasomaji wasiogusa kileo wanisamehe. Ukurasa wa michezo uko nyuma.

Mimi ni mzaliwa wa Sheffield. Kiswahili nimekinyonya kwa mama, bia nimefundishwa na mafundi lifti wenzangu baada ya zamu, na Philadelphia nimeletwa na ndoa: mke wangu ni wa hapa na habari ya kuhama hataki hata kuisikia. Kwa hiyo suala hili hunijia kila Ijumaa jioni nikishavua ovaroli.

Kwanza nimpe haki yake. Kama alitua uwanja wa ndege, akaagiza laga ya kwanza aliyoiona kwenye tangazo, ikaja ya baridi mpaka meno yakauma, basi aliyoyasema hakuyatunga. Laga ile ina historia. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima. Viwanda vidogo vya mitaani vikafa kwa wingi, vilivyonusurika vikaendelea kumezana, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi hii kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, vingi vikitoa laga ileile nyepesi. Aliyeonja enzi hizo alalamike, ruhusa anayo. Leo viwanda hivyo ni zaidi ya 9,000. Kuna miji humu ambayo ukitafuta duka la kushonea viatu hulipati, lakini bia inapikwa nyuma ya gereji na inauzwa palepale.

Na kama ni kujivuna kwa Uingereza, ndugu yangu angejivunia hili: mapinduzi hayo yana mkono wetu. Jack McAuliffe alikuwa baharia wa jeshi la majini la Marekani aliyepangiwa kambi Scotland, akazizoea bia za kule. Aliporudi California hakuziona, basi mwaka 1976 akafungua New Albion pale Sonoma kwa vyombo vya kuokoteza, vingine vilikuwa vya maziwa, vingine madumu ya sharubati ya soda. Kiwanda kilikufa 1982, lakini watu walishapita kukichungulia, mmoja wao Ken Grossman, ambaye mwaka 1980 alianza kupika Sierra Nevada huko Chico. Ile harufu ya balungi kwenye bia yake inatokana na hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu na harufu, ziitwazo Cascade, zilizotolewa Oregon mwaka 1972, na ukizifuatilia ukoo unakuta bibi yao ni Fuggle, hopsi ya mashamba ya Uingereza. Garrett Oliver, Mmarekani mweusi wa New York, aliishi London mwaka 1983, akaonja bia ya pipa, akarudi kwao hawezi tena kuishi na aliyoiacha. Mwaka 1994 alishika usukani wa upishi pale Brooklyn Brewery. Na ukiona chupa yenye dubu na simba wanaokunjiana ngumi, hiyo ni Firestone Walker ya California: dubu ni Adam Firestone, simba ni shemeji yake David Walker, Mwingereza. Mimi na shemeji zangu wa hapa tunabishana vivyo hivyo, ila hatujapata kuwekwa kwenye lebo.

Hata hapa Philadelphia mambo hayakuanza juzi. Robert Hare alitoka London mwaka 1773, Marekani ikiwa bado makoloni, akaanza kupika pota, ile bia nyeusi ya wapagazi wa London, na George Washington akawa mteja wake.

Sasa kama ndivyo, mbona Mwingereza ukimkuta baa ya Marekani amekunja uso? Nimekaa na wengi, wauguzi, walimu, watu wa kompyuta, na kila nikiwasikiliza naona wanakosea wanapolalamikia ladha. Ladha imejaa tele. Wanachokikosa ni udhaifu wa bia. Tumekulia kwenye bita, bia ya rangi ya shaba, ya pipa, yenye kileo asilimia 3.7 au 4, ambayo mtu anakunywa pinti tatu nne jioni nzima, akibishana kuhusu mpira, na kesho yake saa moja asubuhi yuko kazini juu ya lifti na mikono haitetemeki. Hapa bia inayobeba bendera ni IPA, ile chungu yenye hopsi nyingi, na IPA ya kawaida ya Kimarekani ni asilimia 6 au 7. Ile wanayoiita dabo inapita 8. Unakunywa kwa mwendo wa Sheffield, na ikifika pinti ya tatu unasalimiana na nguzo za umeme.

Watu hudhani ni ubabe wa Wamarekani tu, kutaka kila kitu kiwe kikubwa. Upo huo, lakini nadhani na ushuru umo. Uingereza ushuru wa bia hupimwa kwa kileo kilichomo: kikipanda nao unapanda, na tangu Agosti 2023 bia isiyofika asilimia 3.5 ina kiwango chake cha chini zaidi. Mpikaji wa kule ana sababu ya mfukoni ya kutoa bia ndogo. Serikali kuu ya Marekani hutoza kwa ujazo. Kiwanda kidogo hulipa dola 3.50 kwa kila pipa la lita 117, kwa mapipa 60,000 ya kwanza, na mtoza ushuru haulizi kama ndani kuna asilimia 3 au 12. Mnywaji naye, anayeombwa dola 8 kwa glasi, anaona bora ale vizito kwa bei hiyohiyo. Sasa nani apike bita?

Glasi yenyewe ni mjadala mwingine. Pinti ya Uingereza ni mililita 568, imepigwa mhuri wa serikali. Ya Marekani ni 473, na kwa kuwa glasi ni ya ujazo huohuo mpaka ukingoni, povu linakula sehemu yako. Mafundi wenzangu wa Sheffield wakija kutembea huwa nawaonya mapema, maana wanavyoiinua kuitazama kwenye mwanga, mhudumu anadhani kuna mdudu.

Bia ya pipa ndiyo kiini cha shauri langu. Bia ya kegi, lile dumu la chuma lililofungwa, ni bia iliyokwisha kazi: imechujwa au imetulizwa, inasukumwa na gesi, inakaa wiki kadhaa bila kudai chochote. Ya pipa ni bia inayoendelea kuishi. Hamira bado imo, inafanya kazi, na mtu wa stoo lazima achomeke kijiti cha mti laini ili gesi ipumue, asubiri bia itulie iwe angavu, halafu auze upesi, kwa kuwa kila glasi inayotoka inaingiza hewa na kwa siku tatu hivi uchachu unaanza. Pipa la kawaida la baa, la galoni 9 za Kiingereza, lina pinti 72 zetu. Huko kwetu zinaondoka jioni moja na hakuna anayehesabu. Mwenye baa ya Marekani akifikiria pinti 72 za bia isiyo na barafu, isiyo na gesi ya kutosha kwa wateja wake, inayooza Jumatatu, anaona hasara tu. Simlaumu. Ninaowalaumu ni wale wanaoleta pipa mara moja kwa wiki kama sherehe, halafu wanalijaza biskuti, pilipili, stroberi na kakao. Nimewahi kupewa bia ya pipa iliyokuwa na vipande vya keki ndani. Nililipa, nikaacha bakshishi, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu.

Jambo la kutazama ni hili, na hapa naongea kama fundi. Kuna baa mtaa wa Fishtown, hapa Philadelphia, yenye pampu moja ya mkono, ya kuvutia bia ya pipa, mwisho wa kaunta. Dada anayehudumia, kabla ya kujaza glasi ya mteja wa kwanza wa jioni, anavuta mkono mara moja na kumwaga alichokivuta, maana hicho kimelala kwenye mpira tangu jana. Kisha anavuta taratibu, mara tatu, kwa bega si kwa kiwiko. Bia inaingia kama ukungu, inapanda, inasafika kuanzia chini kwenda juu. Ukimwona mhudumu anamwaga ule mvuto wa kwanza, kaa. Usipomwona, agiza laga.

Na laga usiidharau. Najua Mwingereza wa rika langu ataisoma sentensi hiyo shingo upande, lakini kama haja yako ni bia ya kunywa glasi nyingi bila kupoteza funguo, laga za viwanda vidogo vya Marekani za mtindo wa Kicheki na Kijerumani ndizo zimeziba pengo la bita. Kiwanda cha Human Robot, hapahapa Philadelphia, wanaimimina laga yao kwa bomba la pembeni la Kicheki mpaka glasi inakuwa na povu zito kama maziwa, na ni tamu. Ila angalizo: Philadelphia ukisema neno laga peke yake utaletewa Yuengling, bia ya Pottsville, kiwanda cha tangu 1829. Hakuna atakayekuuliza ipi.

Mgeni ataumizwa zaidi na sheria za kununua bia ya kwenda nayo nyumbani. Katiba ilipofuta marufuku mwaka 1933 iliziachia majimbo yajiamulie, na kila jimbo likaamua lake. Katikati ya mpikaji na muuzaji akawekwa msambazaji, na kwa kawaida bia inapita kwake. Ndiyo maana bia unayoipenda Oregon huioni Ohio, hata kama barabara ni moja. Utah bia ya bomba ilikuwa haizidi asilimia 4 hadi Novemba 2019 ilipopandishwa ikawa 5, kwa hiyo kwa mpenzi wa bita jimbo lile la watu wasiokunywa ni mahali pa heri kuliko California. Nimewaambia jamaa wa huko wakacheka, sikuwa natania.

Pennsylvania, ninakoishi, mvinyo na pombe kali za nje ya jimbo utazikuta kwenye maduka ya serikali. Bia iko kwingine, kwa wasambazaji, ambako miaka mingi ulilazimika kununua katoni nzima ya 24 hata kama ulitaka kuonja tu. Mpaka 2016 ndipo sheria ikawaruhusu kuuza kiasi chochote. Ukienda supamaketi, bia imetengwa kwenye kona yenye meza na viti, kwa kuwa mbele ya sheria kona ile ni mgahawa, na mgahawa hauruhusiwi kukuuzia bia ya kubeba zaidi ya aunsi 192 kwa mkupuo mmoja. Nikakaa nikapiga hesabu kwenye risiti: aunsi 192 za Kimarekani ni kama lita 5.68, yaani pinti 10 za Kiingereza kamili. Waliotunga sheria hiyo sidhani kama walimfikiria Mwingereza, lakini kwa mara moja nilijiona nimetendewa haki. Ukitaka zaidi, peleka ya kwanza kwenye gari, rudi, panga foleni upya. Watu wanafanya hivyo na hakuna anayeona ajabu.

Ukishafika mbele ya friji, geuza kopo utazame tarehe chini yake. IPA hufifia haraka. Iliyopita miezi mitatu harufu ya hopsi imeshaondoka na kilichobaki ni uchungu mtupu. Na usisahau kwamba hapa mwezi hutangulia: 04/07 ni Aprili 7. Mwenzangu mmoja wa Leeds alikuwa akinunua bia za majira ya kuchipua mwezi wa Agosti akijua ni za Julai, halafu anasema Wamarekani hawajui kuhifadhi.

Hapo nirudi kwa ndugu yangu na sanduku lake. Bia ya Uingereza iliyosafiri ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Ile chupa ya glasi nyeupe yenye picha ya kijiji, imekaa melini, imekaa bohari, kisha imewekwa rafuni chini ya taa. Mwanga ukiipiga hopsi ndani ya glasi nyeupe bia inatoa harufu ya kicheche. Unalipa bei ya juu kunywa kumbukumbu iliyooza. Kama ni lazima ulizie cha kwetu, ulizia mpikaji wa hapa anayepika kwa namna ya kwetu, na wapo. Yards ya Philadelphia, iliyoanza 1994, ilijijengea jina kwa bia yake ya ESA iliyouzwa kwa pampu ya mkono. Forest & Main wako Ambler, panda treni ya SEPTA ya kwenda Doylestown ushuke pale; wana bita na maildi, ile bia laini ya kileo kidogo, ambazo mtu wa Yorkshire angezinywa bila kuuliza zimetoka wapi. Denver kuna Hogshead, ya tangu 2012. Seattle kuna Machine House, iliyoanzishwa na Mwingereza aliyechoka kungoja. Hata Dave Wickett, aliyefungua baa ya Fat Cat pale Sheffield mwaka 1981 akatufundisha nusu ya mji kunywa bia halisi, alivuka bahari akaanzisha baa ya Kiingereza huko Rochester, New York, ikihudumiwa na wanafunzi kutoka Uingereza.

Mambo ya mezani yana namna yake pia. Hapa hupangi foleni kaunta; unakaa, mhudumu anakuja, anachukua kadi yako na kufungua hesabu. Bakshishi ni dola moja kwa glasi au asilimia 20, na usijitetee kwamba kwenu hakuna. Kitu kilichonisumbua kukizoea ni kwamba kila mtu ana hesabu yake. Kwetu mtu mmoja huwanunulia wote, kisha zamu inazunguka, na asiyenunua anajulikana mtaani. Niliponunulia meza nzima jioni ya kwanza na wakwe, baba mkwe alimvuta binti yake pembeni kumuuliza kama mwanamume huyu ana matatizo ya fedha au ana nyingi mno. Nikiwa na Wamarekani sasa nalipa yangu. Nikiwa na Waingereza tunazungusha, na kwa glasi za asilimia 7 zamu ya watu sita ni hatari kwa afya; tumekubaliana tusizidi watatu mezani.

Na kama mtaani kwako hakuna pampu, hakuna Forest & Main, hakuna kitu, sheria iko upande wako. Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria ya kuruhusu watu kupika bia majumbani, ikaanza kazi mwaka uliofuata, ingawa Mississippi na Alabama zilingoja hadi 2013. Mtu mzima anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye wawili au zaidi galoni 200, mradi asiuze. Shemeji yangu anapika gereji kwake, kati ya mashine ya kukatia majani na baiskeli za watoto. Nilimpa vipimo vya maildi: kimea cha kawaida, kidogo cha kukaanga hadi kiwe cheusi, hopsi za Fuggle kiasi cha kunusa tu, asilimia 3.3. Aliitazama ile karatasi akaniuliza kileo kiko wapi. Sasa anaipika kila Novemba, na majirani zake wanaokunywa IPA za asilimia 8 ndio wa kwanza kugonga mlango.

Kilichobaki, Mhariri, ni hicho hicho. Bita nimeipata, pota nimeipata, laga nimeridhika nayo. Maildi ya pipa inayouzwa baa mwaka mzima, si wiki moja ya majira ya baridi, sijaiona popote kwenye pwani hii. Kama kuna msomaji wako Wisconsin, Ohio au Maine anayeijua, aandike jina la baa na siku wanayofungua pipa jipya. Treni nitapanda, na zamu ya kwanza ni juu yangu.

Msomaji wako,
Philadelphia, Pennsylvania